Gari inayosimama vizuri ikirudi nyuma kuliko ikienda mbele: kisa cha breki za dramu

Jamaa yangu alinipigia simu akasema hivi, "kaka hii gari nimeibadilishia kila kitu kwenye breki na bado nikikanyaga ni kama nasukuma ukuta, pedali iko juu, ngumu, haizami hata kidogo, ila gari inaendelea na safari yake kama vile sijaigusa." Gari yenyewe ni sedani ya mwisho wa miaka ya 1950, kilo kama 1,100, ina dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, magurudumu yote manne na haina buster, kile kifaa cha kuongezea nguvu ya mguu wako kwenye breki. Aliinunua ikiwa imeshafufuliwa na mtu mwingine, imepigwa rangi vizuri kweli, mpaka huko chini kwenye miguu kumepakwa rangi nyeusi nzito hadi vichwa vya bolti vinang'aa. Hiyo rangi ikumbuke, tutairudia.

Mpaka ananipigia alikuwa ameshabadilisha masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali), wili silinda zote (zile ndogo za kwenye magurudumu), hosipaipu za mbele, shuu mpya (zile zinazobana dramu kwa ndani) pande zote nne na mafuta ya breki mapya. Amebledi, yaani ametoa hewa kwenye mafuta, mara tatu. Yaani alikuwa amebakiza kubadilisha mguu wake tu.

Sasa mimi kabla ya kushika spana huwa nauliza kwanza pedali inasema nini, kwasababu kwenye breki za hydroliki pedali ni mdomo wa mfumo mzima. Ikiwa laini inabonyea kama sponji, kuna hewa. Ikizama mbali halafu ndo inashika, na ukipampu mara mbili inapanda juu, shuu ziko mbali na dramu, hazijaadjastiwa. Ukiikanyaga ukaishikilia ikawa inashuka polepole kama inasinzia, kuna sehemu inavuja, au raba za ndani ya masta silinda zinapitisha. Lakini pedali iliyo juu, ngumu kama jiwe, na gari haisimami? Kama hakuna paipu iliyoziba wala pistoni iliyokwama, hiyo inakwambia presha inafika kwenye magurudumu bila shida, tatizo ni kwamba presha haigeuki kuwa msuguano. Kwa hiyo masta silinda, wili silinda na hosipaipu alizobadilisha hazikuwa na kesi kabisa, na hilo sikumwambia siku ile manake mtu ameshatoa hela yake unamwambia nini.

Basi nikamwambia tuna washukiwa wawili, lainingi zenyewe (ile nyenzo ya msuguano iliyobandikwa kwenye shuu), au namna zinavyogusana na dramu. Nilikosea. Kulikuwa na mshukiwa wa tatu ambaye hata sikumtaja, na ndiye alikuwa muhusika.

Ili uelewe kwanini sikumtaja inabidi tuingie ndani ya dramu kidogo. Ukikanyaga pedali, pistoni ya masta silinda inasukuma mafuta kwenye paipu, yale mafuta yanafika kwenye wili silinda ambayo imefungwa kwenye bakpleti, yaani ile sahani ya chuma isiyozunguka nyuma ya dramu. Pistoni ya wili silinda inatoka, inasukuma ncha moja ya shuu, ncha nyingine ya shuu imeegemea sehemu isiyosogea, kwa hiyo shuu inafunguka kama bawaba na lainingi yake inajibana kwenye ukuta wa ndani wa dramu inayozunguka na gurudumu. Ukiachia, springi zinairudisha. Hapo kila mtu anaelewa.

Wengi wanachosahau, na mimi siku ile nikiwemo, ni kwamba mguu wako haufanyi hiyo kazi peke yake. Dramu inayozunguka inasaidia, au inapinga, kutegemea inazunguka kuelekea wapi. Chukua fimbo ndefu, iegemeze chini mbele yako kwa mshazari, utembee ukiisukuma, ncha inajichimbia yenyewe na karibu ikutoboe tumbo, unasimama hata kama hutaki. Sasa igeuze uiburute nyuma yako, inarukaruka tu juu ya udongo, inakwaruza ila haikushiki. Fimbo ni ileile, nguvu yako ni ileile, kilichobadilika ni uelekeo.

Shuu ni hivohivo. Kama dramu inazunguka kutoka ncha inayosukumwa na pistoni kuelekea ncha iliyoegemea, msuguano wenyewe unaivuta shuu ijibane zaidi, ni kabari inayojikaza. Hii wanaiita shuu ya liding. Kama dramu inazunguka kinyume, kutoka ncha iliyoegemea kuja kwenye pistoni, msuguano unaisukuma shuu irudi ndani, pistoni inapambana nao. Hiyo ni treling. Kwa lainingi ya kawaida na presha ileile, shuu ya liding inatoa takriban mara tatu ya nguvu inayotoa ya treling. Sio asilimia kumi, sio ishirini, mara tatu.

Ndo maana watengenezaji wa magari ya zamani walicheza na mpangilio. Breki ya kawaida kabisa ina wili silinda moja yenye pistoni mbili, shuu moja inakuwa liding nyingine treling, na ukirudi nyuma zinabadilishana kazi, nguvu inabaki ileile. Nyuma ya magari mengi wameiacha hivo kwasababu hendibreki iko huko na inatakiwa ishike mlimani gari ikiwa imeelekea juu au chini. Mbele, ambako uzito unahamia ukikanyaga na ambako ndo sehemu kubwa ya kusimama inafanyika, magari mengi ya Uingereza ya miaka hiyo yaliwekewa wili silinda mbili kila gurudumu, kila moja na pistoni yake moja na shuu yake, ili shuu zote mbili ziwe liding gari ikienda mbele. Liding mbili. Wamarekani walienda njia nyingine, shuu ya kwanza inaisukuma ya pili kupitia adjasta ya chini, zinasaidiana kwa namna kwamba ukigusa pedali kidogo tu gari inainama pua, na hiyo inafanya kazi mbele na nyuma.

Gari ya jamaa ilikuwa na liding mbili mbele. Na hii ndo sababu haikuwekewa buster kiwandani, buster yake ni dramu yenyewe.

Haya turudi kwenye kazi. Tulipandisha mbele kwa jeki, tukaweka stendi, tukatoa dramu. Kabla ya yote, kama gari lako ni la zamani na hujui lainingi zilizomo ni za lini, usipulize vumbi kwa kompresa na usilipige brashi kavu. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto na lile vumbi likiingia kwenye mapafu halitoki. Lowesha, futa na kitambaa, kitambaa kikae kwenye mfuko wa kufunga. Kuna mafundi wananicheka kwa hili, acha wacheke.

Lainingi za jamaa zilikuwa mpya, kavu, hazijang'aa. Nikapaka chaki ndani ya dramu, nikairudisha, tukakanyaga kidogo huku tunaizungusha kwa mkono, tukaitoa. Chaki ilikuwa imehamia katikati tu ya lainingi, kama theluthi moja ya urefu wake, ncha zote mbili ziko safi. Nikajua nimempata mwizi. Dramu zilikuwa na kipenyo cha milimita 254 zilipotoka kiwandani, tulipopima zilikuwa 254.9, manake zimeshachongwa kwa mashine kabla. Bado ziko salama, kanuni ya wengi ni isizidi milimita 1.5 juu ya kipimo cha mwanzo, ingawa ukipata namba ya gari lako fuata hiyo. Ila shuu mpya zimekatwa kwa duara la dramu mpya, duara dogo, ukiziweka kwenye duara kubwa zinagusa tumbo tu, ncha zinaelea.

Zamani magereji yalikuwa na mashine ya kusaga lainingi ifuate duara la dramu, siku hizi kuipata ni bahati. Tulifanya kienyeji, msasa mkali ukabandikwa ndani ya dramu, shuu ikasuguliwa humo taratibu, barakoa usoni, mpaka chaki ikaanza kuonyesha mguso karibu urefu wote. Ilituchukua mchana mzima kwa shuu nne, na mikono ilikufa ganzi.

Tukafunga, tukaadjasti, tukaenda kujaribu. Ikawa nafuu. Nafuu kidogo. Yaani zamani ilikuwa inasimama ikipenda, sasa inasimama ukiibembeleza. Jamaa akanitazama, mi nikatazama pembeni.

Hapo likaja wazo la buster. Jamaa alikuwa ameshaona ile ya kuongezea, inayofungwa kwenye paipu na kutumia vakyumu, yaani ule mvuto wa injini inapovuta hewa, akasema tuweke tumalize. Nikakaribia kukubali. Na ingefanya kazi! Hicho ndo kinachonitisha mpaka leo, tungeweka buster gari ingesimama, tungefurahi, na kosa lingebaki mle ndani limefunikwa, siku buster inakata vakyumu kwenye mteremko ndo tungekumbushwa.

Kilichotuokoa ni kutoa gari. Jamaa alikuwa anairudisha nyuma kutoka kwenye banda, mwendo wa mtu anayetembea, akagusa breki kidogo ili asigonge ndoo. Gari ilikita. Kichwa chake kikapiga kwenye siti, tairi za mbele zikakwaruza sakafu. Akatoka anacheka, "kaka umeona, zimeanza kushika!" Mi sikucheka. Nikamwambia rudi tena nyuma, kanyaga vilevile. Ikakita. Sasa nenda mbele mwendo huohuo, kanyaga vilevile. Ikateleza kwa upole kama mtumbwi.

Gari yenye liding mbili mbele inatakiwa iwe kinyume kabisa cha hapo. Udhaifu wake unaojulikana ni kurudi nyuma, kwasababu ukirudi nyuma shuu zote mbili za mbele zinageuka treling, wenye magari haya wanajua ukiwa mlimani gari ikaanza kurudi nyuma unakanyaga kwa miguu miwili na kusali. Hii ya kwetu inarudi nyuma kishujaa na kwenda mbele kiuvivu. Kwa hiyo mle ndani liding zilikuwepo, ila zinaangalia nyuma.

Tukapandisha tena. Safari hii sikutoa kitu, nilichora tu. Chukua chaki, simama nje ya gurudumu, chora mshale kwenye dramu kuonyesha inazunguka wapi gari ikienda mbele, upande wa juu mshale unaelekea mbele ya gari. Kisha toa dramu, uhamishe ule mshale kwa macho kwenye shuu. Ukiufuata mshale, unatakiwa ukutane kwanza na pistoni, halafu lainingi, halafu mwisho wa shuu ulioegemea mgongo wa silinda nyingine. Pistoni, lainingi, egemeo. Pistoni, lainingi, egemeo. Kwenye gurudumu la kushoto mimi nilikutana na egemeo, lainingi, pistoni. Nikazunguka kulia, egemeo, lainingi, pistoni.

Bakpleti ya kushoto ilikuwa kulia na ya kulia ilikuwa kushoto. Basi. Hakuna kilichoharibika, hakuna kilichochakaa, vitu vyote ni vizima na vipya, vimekaa tu upande usio wake.

Sasa swali ambalo jamaa aliuliza, na ni swali zuri, imewezekanaje vifunge upande usio wake bila kugoma? Kwenye gari hii bakpleti inashikwa na bolti nne zenye nafasi sawa, ukiitoa kushoto ukaipeleka kulia inaingia bila kulalamika. Na ukiihamisha hivo, kilichokuwa juu kinabaki juu, kilichokuwa mbele ndo kinakuwa nyuma. Nipeli ya kubledia iliyokuwa juu imebaki juu, kwa hiyo hewa inatoka vizuri, pedali inakuwa ngumu na safi, kila kipimo cha kawaida kinakwambia breki ziko sawa. Dramu inaingia, shuu zinaingia, springi zinaingia. Kosa halina mahali pa kujionyesha isipokuwa kwenye mwendo.

Au karibu. Kulikuwa na dalili moja ambayo niliiona siku ya kwanza nikaipita. Hosipaipu ya mbele iliingia kwenye bakpleti kwa mbele ya gurudumu badala ya nyuma, na ukikata usukani mpaka mwisho inavutika na kugusa sehemu ya chasi. Nilidhani jamaa kanunua hosipaipu fupi. Nikaisogeza kwa kidole nikaendelea na mambo yangu, mjinga mimi.

Kutengeneza kwenyewe hakuna hadithi ndefu. Tulitoa habu, yaani vitovu vya magurudumu, pande zote, tukatoa bakpleti, tukabadilishana, washa za shaba mpya kwenye viungio vya paipu, hosipaipu zikakaa zenyewe bila kuvutika. Mafuta ya breki mapya kutoka kwenye chupa ambayo haijafunguliwa, kwasababu haya mafuta yananyonya unyevu hewani, DOT 4, daraja la mafuta tuliyotumia, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 lakini ikishanywa maji kiwango chake kinashuka mpaka 155, na chupa iliyokaa wazi kabatini ni ya kutupa tu, sio ya kuweka kwenye gari. Kuadjasti, kila shuu ya mbele ina adjasta yake ya konokono, unaizungusha mpaka gurudumu linagoma kabisa, unarudisha kidogokidogo mpaka liwe huru, unakanyaga pedali kwa nguvu ili shuu zijikalie katikati, kisha unarudia tena. Hiyo kurudia tena wengi hawafanyi, halafu wanalalamika pedali iko chini.

Tukatoka. Jamaa akakanyaga kwa ule mguu wake aliouzoea, wa kusukuma ukuta, kwenye mwendo wa kilomita 40 hivi.

Gari ilisimama, ila ilisimama imeangalia kushoto. Ilivuta usukani ukamtoka mkononi.

Nakwambia hapo mtu anaweza kukata tamaa, tumetoka kwenye gari isiyosimama tumeingia kwenye gari inayosimama kwa hasira. Lakini ukiifikiria vizuri hii ilikuwa habari njema. Ile nguvu ya kujikaza ya liding ina tabia moja ya kijeuri, inakuza kila kitu, mazuri na mabaya. Msuguano wa lainingi upande mmoja ukipungua asilimia 10, nguvu ya breki kwenye shuu ya liding inapungua zaidi ya asilimia 10, kwasababu msuguano ndo unaoikaza shuu, ukipungua na kukaza kunapungua, hasara mara mbili. Kwenye treling ni kinyume, msuguano ukipungua na ule upinzani unapungua, inajisawazisha. Kwa hiyo zile breki zilipokuwa zimegeuzwa zingeweza kuficha tofauti yoyote ya kulia na kushoto. Sasa zimekaa sawa, zimesema ukweli.

Gari ikivuta kushoto maana yake kulia hakushiki. Tukafungua kulia, na kweli, kwenye ncha ya lainingi moja kulikuwa na doa jeusi linalong'aa, upana wa vidole viwili. Grisi ya beringi. Sili ya habu ya kulia ilikuwa imekunjwa mdomo, inawezekana kabisa ni sisi wenyewe tuliikunja tuliporudisha habu kwa haraka ya kutaka kujaribu. Simlaumu mtu.

Hapa watu wana mila zao, wengine wanachoma lainingi na moto wa gesi ili grisi itoke, wengine wanaosha na petroli. Mi sikubali. Grisi imeshaingia ndani ya nyenzo, unaosha juu, ikipata joto inatoka tena. Tuliweka sili mpya na shuu mpya pande zote mbili za mbele, sio upande mmoja, kwasababu ukiweka mpya kulia na kushoto ukaacha zilizoanza kulika umejitengenezea tofauti nyingine kwa mikono yako. Ndiyo, ina maana tulirudi tena kwenye msasa. Mchana mwingine.

Baada ya hapo tukazizoesha dramu, kusimama kama mara ishirini kutoka kilomita 50, kwa upole, na kuipa nafasi ipoe katikati. Mwanzoni inanuka, ni kawaida. Baada ya hapo chaki ilionyesha mguso wa lainingi nzima na gari ikawa inasimama imenyooka, ukiachia usukani kidogo unabaki ulipo. Jamaa akakanyaga kwa kidole gumba cha mguu akaanza kucheka peke yake.

Jambo moja nilimwonyesha kabla sijamwachia, manake gari ikianza kusimama vizuri mtu anaota mbawa. Nilimpa hesabu. Kilo 1,100 kwenye kilomita 80 kwa saa inabeba nishati ya kama kilojuli 270, na ukisimama hiyo yote inageuka joto, hakuna pengine inapokwenda. Chukulia theluthi mbili inaenda mbele kwenye dramu mbili za chuma za kilo 7 kila moja, kusimama mara moja kunazipandisha joto kama nyuzi 27 hivi. Simama mara kumi mfululizo bila kuzipa nafasi, umeshapita nyuzi 250. Dramu ya milimita 254 ikipata joto hilo inatanuka karibu milimita 0.7 kwenye kipenyo, na inatanuka kwenda nje, inazikimbia shuu. Pistoni inabidi itoke zaidi kuifuata, na kwa kuwa silinda za mbele ziko nne na pedali ina uwiano wake, hicho kiduchu kinakuwa sentimita moja au mbili za pedali. Wakati huohuo lainingi zimechemka msuguano umeshuka, na tumeshasema kwenye liding msuguano ukishuka hasara ni mara mbili. Ndo ile watu wanasema breki zimekufa mteremkoni, pedali inakuja chini na gari haijali. Breki ya diski, ile sahani inayobanwa na pedi pande mbili, inapopata joto inanenepa kuelekea pedi, haikimbii, wala haitegemei kujikaza, ndo maana Jaguar walipoenda kwenye mbio za magari za Le Mans mwaka 1953 na diski walishinda, wakawa wanachelewa kukanyaga kuliko wenzao. Ila diski haijisaidii yenyewe kama liding, ndo maana magari mengi ya diski yanakuja na buster.

Kwa hiyo mteremko mrefu, shusha gia kabla hujaanza kushuka, injini ishike, breki ziguswe kwa vipindi. Na ukifika chini dramu zikiwa za moto usivute hendibreki ukaondoka, dramu ikipoa inanywea juu ya shuu, inaweza kushika isiachie au kupinda. Weka gia, weka jiwe kwenye tairi.

Sasa ile rangi niliyosema tuikumbuke. Wakati tunabadilishana bakpleti nilikwangua ile nyeusi nzito kwa nyuma nitafute kama kuna alama yoyote ya kiwandani. Chini ya rangi kulikuwa na herufi imekwaruzwa kwa msumari, yule mtu aliyeifufua gari alikuwa makini, alizitia alama kabla ya kuzifungua ili asije akakosea kurudisha. Kwenye moja aliandika K. Nikakwangua na ya pili, K.

Kushoto na kulia.

Jamaa alichukua msumari akaongeza nukta, moja kwenye ya kushoto, mbili kwenye ya kulia, halafu akapaka rangi juu yake.